Waislamu wa Ulaya: tunabishana kuhusu 2050 wakati wa leo wenyewe hatujamaliza kuwahesabu

Kuna video ilianza kuzunguka mtandaoni mwaka 2009, ikatazamwa mamilioni ya mara, na mpaka leo vipande vyake bado vinarushwa kwenye magrupu kama vile ni habari ya jana asubuhi. Ndani yake unaambiwa familia za Waislamu nchini Ufaransa zina wastani wa watoto 8.1. Nane nukta moja. Hiyo "nukta moja" ndo iliyofanya kazi yote, maana ukisema tu "watoto wanane" mtu anajua unapiga stori, ila ukiweka nukta anadhani kuna mtu alipita na daftari mlango kwa mlango.

Hakuna aliyepita. Sensa ya Ufaransa iliuliza dini mara ya mwisho mwaka 1872, na sheria ya Januari 1978 inabana sana ukusanyaji wa taarifa za dini za watu, sasa hiyo 8.1 ingetoka kwenye daftari gani? Pew Research Center, shirika la utafiti la Marekani, ilipokaa mwaka 2017 kukadiria kwa njia inayoeleweka ilipata kama watoto 2.9 kwa mwanamke Mwislamu Ufaransa, na 1.9 kwa wanawake wengine. Tofauti ipo, hakuna anayekataa, ni mtoto mmoja.

Kinachochekesha ni kwamba video ile ile inarushwa na watu wa pande mbili ambao wasingekaa meza moja. Mmoja anairusha kuogopesha, "tunamezwa", mwingine anairusha kwa furaha, "tunashinda", na wote wawili wamekula namba ya kupika. Mi sina ugomvi na hofu ya yule wala furaha ya huyu, nachotaka hapa ni kufungua hili sufuria tuone hizi namba zinapikwaje, kwasababu ukishajua unaanza kuona kwamba ubishi wote wa Waislamu watakuwa wangapi Ulaya mwaka 2050 umekaa juu ya kitu kilicholegea, nacho ni idadi ya leo.

Tuanze na neno lenyewe, Ulaya. Ulaya ipi? Utakuta posti moja inasema Waislamu wa Ulaya ni milioni 44, nyingine inasema milioni 25.8, na komenti zinaanza kutukanana pale chini nani muongo. Hakuna muongo. Ile milioni 44 ni makadirio ya Pew kwa mwaka 2010, na hapo Ulaya ni bara zima, Urusi imo na peke yake ina kama milioni 16, Albania imo, Kosovo imo, Bosnia imo, nchi ambazo Waislamu wala sio wachache au wamekaribia kuwa nusu. Ile 25.8 ni ya Pew pia, ya mwaka 2016, na hapo Ulaya maana yake nchi 28 za Umoja wa Ulaya wa wakati ule (Uingereza bado ilikuwa ndani) ukijumlisha Norway na Uswisi. Ni asilimia 4.9 ya watu wote wa nchi hizo 30. Sasa mtu akichukua ya 2010 kwenye ripoti ya kwanza na ya 2016 kwenye ripoti ya pili atasema Waislamu wamepungua kwa milioni 18 ndani ya miaka sita, na akizigeuza atasema wamelipuka, na vyote viwili ni upuuzi mtupu.

Hata ndani ya hizo nchi 30 kuna mchanganyiko wa watu ambao stori zao hazifanani kabisa. Cyprus inaonekana ina asilimia 25.4 ya Waislamu, ya juu kuliko nchi zote kwenye orodha, na mtu asiyejua anadhani kisiwa kimevamiwa, kumbe wengi ni Wacyprus wenye asili ya Kituruki upande wa kaskazini, wenyeji wa pale tangu enzi za dola ya Ottoman. Bulgaria vilevile, asilimia 11 hivi, wenyeji wa karne na karne. Poland ina Watatari wake walioingia tangu karne ya 14. Hawa wote ukiwatupa kwenye kapu moja na kijana aliyefika Munich mwaka 2015 na begi moja mgongoni, halafu ukasema "Waislamu wa Ulaya wanakua hivi", umechanganya mbaazi na kokoto.

Haya, tuje kwenye kuhesabu kwenyewe. Ungedhani nchi tajiri zenye makompyuta ya kila aina zinajua zina watu wangapi wa dini gani. Hazijui, au zinajua nusu nusu, na kila moja ina njia yake.

England na Wales ndo wenye sensa nzuri ya jambo hili, wanauliza dini tangu 2001. Ufaransa, kama nilivyosema, hawaulizi kwenye sensa, wanategemea tafiti za sampuli. Kuna utafiti mkubwa wa mashirika yao ya takwimu na idadi ya watu, INSEE na INED, uliofanyika 2019 na 2020, ambao ulipata asilimia 10 ya watu wazima wa miaka 18 mpaka 59 wanajitambulisha kuwa Waislamu. Angalia vizuri hapo: miaka 18 mpaka 59. Wazee wa miaka 70, ambao wengi wao sio Waislamu, hawamo. Kwahiyo ukiichukua hiyo 10 ukaizidisha kwa Wafaransa wote umeshapotea, na watu wanafanya hivyo kila siku.

Ujerumani ndo kituko zaidi. Wanajua Wakatoliki wao na Waprotestanti wao vizuri tu kwasababu ya kodi ya kanisa, inakatwa kwenye mshahara kwahiyo mtu yuko kwenye rejista. Mwislamu hayuko kwenye rejista ya namna hiyo. Kwa miaka mingi walikuwa wanakadiria kwa pasipoti: Waturuki wangapi, Wamoroko wangapi, Wabosnia wangapi, halafu unaongeza waliochukua uraia, unapata kama milioni 3.1 mpaka 3.4. Mwaka 2009 ofisi yao ya uhamiaji na wakimbizi ikafanya utafiti wa kweli, wakapigia watu simu wakauliza, ikatoka milioni 3.8 mpaka 4.3. Sasa mtu anayesoma vichwa vya habari tu atasema wameongezeka karibu milioni moja ndani ya muda mfupi. Hawakuongezeka hivyo. Kilichobadilika ni wavu, safari hii ulitupwa kwenye nchi nyingi zaidi za asili ambazo zamani zilikuwa hazihesabiwi vizuri, na samaki waliokuwemo siku zote wakaonekana. Utafiti wa ofisi hiyo hiyo uliotoka 2021 umefika milioni 5.3 mpaka 5.6, na hapo katikati kweli kuna wakimbizi wa 2015, ongezeko la kweli lipo. Lakini ukichora mstari mmoja kuanzia 3.1 mpaka 5.6 umechora vitu viwili kwa kalamu moja, ukuaji wa watu na ukuaji wa wavu.

Halafu kuna Bulgaria, ambayo mi naona ndo somo zuri kuliko yote. Sensa ya 2001 ilipata Waislamu karibu 967,000. Sensa ya 2011 ikapata 577,000. Miaka kumi, watu 390,000 hawapo. Wameenda wapi? Wahamaji kweli walikuwepo, Bulgaria ni nchi ambayo watu wanaondoka, na mwaka 1989 zaidi ya 300,000 wenye asili ya Kituruki walikimbilia Uturuki baada ya serikali ya kikomunisti kuwalazimisha kubadili majina yao. Ila hao wa 1989 walishaondoka zamani, kabla hata ya hiyo sensa ya 2001. Kilichotokea 2011 ni kwamba swali la dini lilikuwa la hiari na zaidi ya mtu mmoja kati ya watano akaliruka. Ukiwapiga kwa asilimia ya waliojibu, Waislamu wanabaki kama 10 kwa 100, na 2001 walikuwa 12. Wamepungua kidogo, sio nusu. Na sensa ya 2021 ikapata karibu 639,000, kwahiyo kuna watu huko nje wanaweza kukuandikia makala mbili kutoka kwa nchi moja, moja inaitwa "Waislamu wa Bulgaria wanatoweka" na nyingine "Waislamu wa Bulgaria wanaongezeka kwa kasi", na wote wamenukuu namba za serikali.

Pale ambapo hakuna sensa ya dini watu wanatumia ujanja wa kuzidisha. Unachukua wahamiaji kutoka nchi fulani, unaangalia nchi hiyo ina asilimia ngapi ya Waislamu, unazidisha, basi. Kwa karatasi ni safi. Shida ni kwamba watu wanaohama sio kijiko kilichochotwa katikati ya chungu kikiwa kimekorogwa. Wanaohama mara nyingi ndo wale ambao hawakuwa sawa na wengine kule walikotoka. Iraki na Syria, Wakristo wao walihama kwa wingi kuliko uwiano wao nyumbani, nenda Södertälje kule Sweden utakuta jamii kubwa ya Waashuri na makanisa yao. Iran kwenye makaratasi ni nchi ya Waislamu karibu wote, lakini ule utafiti wa Ujerumani wa 2009 ulipowauliza watu wenye asili ya Iran, karibu nusu tu ndo waliosema ni Waislamu na zaidi ya theluthi walisema hawana dini. Na wengi wao serikali hiyo ya dini ndiyo waliyoikimbia, sasa we unawahesabia dini ya serikali iliyowakimbiza.

Mfano ninaoupenda ni wa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alifukuza Waasia, na zaidi ya 27,000 wakaingia Uingereza. Kwenye fomu wengi wao wamezaliwa Uganda. Sasa mtu wa kuzidisha atachukua uwiano wa dini za Uganda, Wakristo wengi na Waislamu kiasi, atawapa hao watu, wakati kiukweli walikuwa Wahindu, Waismailia, Masingasinga, Wagoa Wakatoliki, yaani uwiano mzima atakuwa ameukosea. Wasuriname wa Uholanzi ni hivyo hivyo, ndani ya nchi moja ya asili kuna Wahindu na Waislamu na Wakristo, na mwingine kazaliwa Rotterdam wala hajawahi kufika huko.

Na kuna swali lililolala chini ya yote haya, nani Mwislamu? Anayeswali? Anayefunga Ramadhani ila haswali? Aliyezaliwa kwenye familia ya Kiislamu na anakunywa bia yake kila Ijumaa lakini ukimuuliza dini anajibu "Mwislamu" bila kusita? Urusi wanahesabu kwa kabila, Watatari, Wabashkiri, Wachechnya, unajumlisha makabila yote ya Kiislamu unapata namba kubwa. Pew wao wanafuata mtu anavyojitambulisha, pale data zinaporuhusu. Sweden kuna hesabu ya watu wanaohudumiwa na jumuiya za kidini zilizosajiliwa na hiyo inatoka ndogo sana ukilinganisha na makadirio ya Pew ya 810,000 kwa 2016. Zote ni sahihi kwa swali lake. Kosa ni kuchukua ya kabila ya mwaka huu ukailinganisha na ya msikitini ya mwaka juzi.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe la ukuaji, na hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo watu wanapopigwa chenga zaidi.

England na Wales, Waislamu kwenye sensa: 2001 walikuwa milioni 1.55, 2011 wakawa milioni 2.71, 2021 wakawa milioni 3.87. Muongo wa kwanza ongezeko ni asilimia 75. Muongo wa pili ni asilimia 43. Sa hapo mwandishi mmoja anaandika "kasi yaporomoka", na asilimia zinamuunga mkono. Lakini toa tu, hesabu ya darasa la nne: 2.71 toa 1.55 ni 1.16. Na 3.87 toa 2.71 ni 1.16. Watu walioongezeka ni karibu sawasawa kabisa miongo yote miwili, tofauti haifiki hata watu elfu tatu. Kilichoshuka ni asilimia peke yake, kwasababu unagawanya kwa namba kubwa zaidi. Mtu mwenye mbuzi wawili akinunua wawili amekua kwa asilimia 100, mwaka unaofuata akinunua wawili tena amekua kwa 50, hajazembea popote.

Ndo maana jamii ndogo siku zote inaonekana "inakua kwa kasi kuliko zote". Na ndo maana kuchukua asilimia ya muongo mmoja ukaisukuma mbele ni hatari. Tufanye, tuone. Chukua ile 75 ya mwanzo, jifanye uko 2011 na una kalkuleta na hasira. 2021 unapata milioni 4.7, ambayo tayari imezidi ukweli kwa karibu laki tisa. Endelea. 2031 milioni 8.3, 2041 milioni 14.5, 2051 milioni 25, 2061 milioni 44, na 2071 unafika kama milioni 78, kwenye nchi ambayo watu wote wa dini zote mwaka 2021 walikuwa chini ya milioni 60. Hakuna takwimu niliyopika hapo, msingi ni wa sensa, asilimia ni ya sensa. Nilichofanya ni kudhani tu kwamba muongo mmoja utajirudia milele, na hicho kidhanio kimoja kinatosha kutengeneza video ya mamilioni ya watazamaji.

Wataalamu hawafanyi hivyo. Wao wanawagawa watu kwenye vikapu vya umri na jinsia, kwa mfano miaka mitano mitano, kisha wanasogeza muda: kikapu cha 20 mpaka 24 kinakuwa cha 25 mpaka 29, unatoa watakaokufa, unaongeza watakaoingia nchini, unatoa watakaotoka, wanawake walio kwenye umri wa kuzaa unawapa watoto kwa kiwango ulichokadiria, unaongeza na kutoa wanaobadili dini, afu unarudia. Ni kazi ya kuchosha na haina maajabu. Uzuri wake ni kwamba inakulazimisha useme wazi kila unachokidhania, huwezi kuficha kitu ndani ya asilimia moja tamu.

Ukiifungua 2010 mpaka 2016 kwa njia hiyo, kwenye zile nchi 30, Waislamu walitoka milioni 19.5 kwenda 25.8. Kwenye hilo ongezeko, kama milioni 3.5 ni uhamiaji ukishatoa walioondoka, na kama milioni 2.9 ni kuzaliwa ukitoa vifo. Kubadili dini, ambako kwenye mitandao ndo kuna video nyingi kuliko vyote, machozi na shahada na kila kitu, kulipunguza kama 160,000, yaani walioacha Uislamu walikadiriwa kuwa wengi kuliko walioingia. Kwa kipimo cha mamilioni haya ni kijiko cha chai kwenye pipa, upande wowote utakaoupenda.

Kwenye kuzaliwa, watu wote wanakimbilia idadi ya watoto kwa mwanamke, 2.6 kwa Waislamu na 1.6 kwa wengine kwa Ulaya hiyo nzima. Lakini kuna kitu kimya zaidi kinachofanya kazi, umri. Wapange watu wote kwenye foleni kuanzia mchanga wa leo mpaka bibi wa miaka mia, aliyesimama katikati kabisa ana miaka mingapi? Kwa Waislamu wa Ulaya mwaka 2016 alikuwa na 30, kwa wasio Waislamu alikuwa na karibu 44. England na Wales kwenye sensa ya 2021 wa katikati kwa Waislamu ana miaka 27, kwa Wakristo ana 51. Hamsini na moja! Kundi ambalo nusu yake imepita miaka 51 halihitaji adui wa kulipunguza, linahitaji tu muda upite. Na kundi ambalo nusu yake iko chini ya 27 litaongezeka hata kama kuanzia kesho asubuhi kila mwanamke wake ataamua kuzaa wawili tu, kwasababu akina mama wenyewe ni wengi na makaburi yao bado yako mbali.

Na hizo namba za uzazi zenyewe zina mtego. Mwanamke anayejua mwakani anahama mara nyingi haanzi kubeba mimba safari iko njiani, anasubiri afike, aungane na mumewe, ndo azae. Sa ukimpima miaka miwili mitatu baada ya kufika unakuta uzazi wa juu sana, unaandika kwamba wahamiaji wanazaa wanne, kumbe umepima kipindi kile tu ambacho watoto waliokuwa wanasubiriwa wanakuja kwa pamoja. Mfuatilie maisha yake yote namba inashuka. Ujerumani, ambako wengi wana mizizi ya miaka ya 60, Pew waliweka 1.9 kwa Waislamu na 1.4 kwa wengine, nusu mtoto hivi. Na kule walikotoka kwenyewe kumebadilika, Uturuki ilikuwa 2.38 mwaka 2001 na mwaka 2023 imeshuka mpaka 1.51, chini ya Ufaransa yenyewe. Iran ilikuwa zaidi ya sita mwanzoni mwa miaka ya 80, ikaporomoka mpaka kama wawili ndani ya miaka ishirini na kitu. Kwahiyo anayedhani dini ndo inaandika idadi ya watoto inabidi atuelezee Tehran.

Uhamiaji sasa, hapa ndo kila utabiri unapovunjika mguu, kwasababu kuzaliwa na kufa vinaenda polepole ila mpaka unaweza kufunguliwa au kufungwa kwa saini moja. Tena haufungwi kama unavyodhani. Ujerumani ilisaini mkataba wa kuchukua wafanyakazi kutoka Uturuki Oktoba 1961, wanaume wakawa wanakuja kufanya kazi na kurudi, mwaka 1973 ikasimamisha kuchukua wapya. Watu wakadhani ndo mwisho. Kilichofuata ni kwamba wale waliokuwemo wakaogopa kwamba wakirudi nyumbani hawataingia tena, wakabaki, wakaita wake na watoto. Yaani kufunga mlango ndo kukazalisha jamii. Nani mwaka 1972 angeiweka hiyo kwenye modeli?

Pew kwenye ripoti yao ya 2017 walifanya kitu cha kiungwana, hawakutoa namba moja ya 2050, walitoa tatu. Ya kwanza, hakuna mtu anaingia wala kutoka tena kabisa: asilimia 7.4. Ya pili, wakimbizi wanasimama kuanzia katikati ya 2016 ila wanaokuja kwa kazi, masomo na familia wanaendelea: asilimia 11.2. Ya tatu, ile mikikimikiki ya wakimbizi wa 2014 mpaka 2016 inaendelea vile vile mwaka hadi mwaka mpaka 2050: asilimia 14. Hakuna hata moja kati ya hizo ni utabiri, zote ni sentensi za "kama hivi, basi vile". Vyombo vya habari kwa kawaida vilichukua ya tatu, vikakata lile "kama" vikaliacha sakafuni.

Angalia kinachotokea ukilinganisha nchi mbili. Ujerumani kwenye njia ya pili inafika asilimia 10.8, kwenye ya tatu 19.7, karibu mara mbili. Uingereza kwenye ya pili 16.7, kwenye ya tatu 17.2, haitikisiki. Sababu ni kwamba Waislamu wa Uingereza wengi waliingia kwa njia za kawaida za familia na masomo na kazi, Pakistan, Bangladesh, India, na wakimbizi wa Syria walifika kidogo, wakati Ujerumani mwaka 2015 peke yake ilipokea watafuta hifadhi kama 890,000. Sweden ndo inayoyumba kuliko wote, kutoka asilimia 11.1 mpaka 30.6 kutegemea umechagua njia ipi. Mtu akikwambia "Sweden asilimia 30" muulize kwa upole tu, mpaka uliobaki wazi tangu 2016 uko wapi, maana hata kwenye hiyo miezi ya mwanzo ya 2016 mkataba wa Umoja wa Ulaya na Uturuki ulishaanza kuukaza.

Halafu dunia ikaendelea kufanya mambo yake. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ikaingiza zaidi ya watu milioni 4 kwenye nchi za Umoja wa Ulaya kwa ulinzi wa muda, wengi sana sio Waislamu. Hao karibu hawabadilishi idadi ya Waislamu ila wanabadilisha asilimia, kwasababu asilimia ina juu na ina chini na watu wanaangalia juu tu. Uingereza ikajitoa kwenye Umoja, kwahiyo hata ile "Ulaya" ya nchi 28 haipo tena kwenye karatasi, na mtu akilinganisha Umoja wa leo na wa 2016 bila kulitaja hilo amepoteza Waislamu zaidi ya milioni nne bila yeyote kuhama nyumba.

Sijui kama haya yote yanafika kwa watu. Mwaka 2016 kampuni ya Ipsos iliuliza watu wa nchi mbalimbali wakisie katika kila watu 100 nchini kwao Waislamu ni wangapi. Wafaransa kwa wastani walikisia 31, makadirio ya wakati huo yalikuwa 7.5. Wajerumani walisema 21, ilikuwa kama 5. Waingereza 15, ilikuwa karibu 5. Sasa kama mtu anaanzia 31 kichwani, ukimwonyesha 12.7 ya mwaka 2050, ile ya njia ya kwanza kwa Ufaransa, anaweza kuona umemwambia wanapungua.

Na kuhusu hiyo sensa ya England na Wales ambayo nimeisifu tangu mwanzo, ile nzuri kuliko zote. Swali la dini pale ni la hiari. Mwaka 2001 kukawa na kampeni ya utani mtandaoni, watu kama 390,000 wakaandika kwamba dini yao ni Jedi, wale wapiganaji wa panga za mwanga kwenye sinema. Mwaka 2021 asilimia 6 ya watu wote waliacha swali wazi. Hao ni kama milioni 3.6, karibu sawa na Waislamu wote waliohesabiwa siku ile, na hakuna anayejua humo ndani nani ni nani.